Saumu ya Kwanza ya Tiziri

Akbou, 14 Januari 2018

Baba Tiziri,

Tulikubaliana kuandikiana, basi naandika. Kwenye simu wewe unapaza sauti, mimi nalia, na mtandao wa huko kambini unakatika pale pale mmoja wetu anapotaka kuomba radhi. Slimane, mwenzako wa kambini, anarudi zamuni Jumanne, atakuletea barua hii pamoja na mfuko wa tini kavu kutoka kwa Yemma, mama yako. Nimemwambia asiuguse njiani. Ameshakula za kutosha hapa jikoni akisema anaonja.

Mwaka mpya wetu wa jadi umepita juzi bila wewe. Kuku alikuwa mgumu na Yemma amekulaumu wewe, eti mpishi wa familia yuko jangwani anawalisha wachimba mafuta huku mama yake anatafuna raba.

Sasa habari yenyewe. Tiziri amepata nafasi katika lile darasa maalumu la watoto wenye usonji, hapo shule ya mtaani kwetu. Wako sita, yeye ndiye wa sita. Yemma alipiga vigelegele mpaka jirani wa juu akashuka kuuliza nani anaolewa. Ameshamnunulia aproni ya pinki ya shule na kila asubuhi anaipiga pasi, ingawa haijavaliwa hata mara moja.

Mimi nilifurahi mpaka niliposikia masharti. Mwalimu wao, Bi Nassima, si mtu mbaya. Ana sauti ya upole na kazi yake ameisomea mji mkuu. Lakini njia yao ni moja tu. Mtoto anaketi, mikono inalala juu ya meza, haigusi kitu. Anachokipenda kinawekwa mbele yake na hapewi mpaka atamke "nipe" na mwalimu agonge kengele. Na nyumbani iwe vivyo hivyo. Ile tabia yake ya kumvuta mtu mkono, iachwe kabisa. "Akikuvuta, Mama Tiziri, geuka ukuta," aliniambia. "Akiona mkono hauleti kitu, atautafuta mdomo."

Mokrane, unaujua mkono ule. Anakuja, anashika vidole viwili, anavuta. Hadi kwenye bomba, ni maji. Hadi kwenye kabati la juu, ni tini. Hadi mlangoni, anataka kwenda kutazama treni. Ana miaka minane na hayo ndiyo mazungumzo yetu, hatuna mengine.

Bi Chafia, yule mtaalamu wa usemi wa kliniki, anasema mkono ndio maneno yake. Tuufuate, kisha tumtilie humo picha ya kikombe au ya tini, na pole pole atajifunza kuomba kwa picha, na huenda siku moja kwa sauti. Nikamwuliza mwalimu mkuu kama mzazi anaweza kuchagua, mtoto akabaki darasani lakini akafundishwa kwa njia hiyo. Alicheka. "Mama, hapa si sokoni, hatuchagui nyanya. Njia ni hii. Hutaki, kuna mwingine anasubiri nje."

Naomba uwaandikie wewe. Neno la baba wanalisikiliza, mimi wananiona mwanamke wa machozi ya karibu. Waambie nafasi tunaitaka, na kuchagua tunataka vilevile.

Mkeo,
Dehbia


Kambini, Hassi Messaoud, 3 Februari 2018

Mama Tiziri mwenye ulimi wa wembe,

Tini zimefika nusu. Slimane anaapa kwamba mfuko ulitoboka. Nimemwambia mfuko huo una meno.

Nimeisoma barua yako nimekalia gunia la viazi, wanaume mia tatu wakigonga vijiko wakidai chakula. Nikaisoma tena jioni. Jibu ni hapana, sitaandika.

Usikasirike kwanza, nisikilize. Mjomba Akli, kaka yake Yemma, hukumkuta. Kijijini aliishi chumba cha nyuma, karibu na zizi, mpaka akafa. Alikuwa akijitikisa, akiguna, hazungumzi na mtu. Wageni wakija, mlango ule unafungwa. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea chakula. Naweka sahani chini, naondoka mbio. Hakuna aliyemtukana, Dehbia. Hakuna aliyemwita chochote. Siku daktari alipotuambia mwanetu ana usonji, wewe ulimwangalia Tiziri, mimi nikauona ule mlango.

Leo mlango umefunguliwa. Binti yangu atavaa aproni, atapita barabarani na mkoba mgongoni, watu watamwona. Halafu nikasimame kizingitini nianze kubishana kwamba sipendi wanavyofundisha? Wao wamesoma, mimi najua kupika. Kila mtu na sufuria yake.

Fanya wanachosema. Chote. Shuleni na nyumbani. Nakuomba, na ikibidi nakuamuru, ingawa najua amri zangu kwako huishia njiani pale Ghardaïa.

Mbusu huyo mwanafunzi.

Mokrane


Akbou, 11 Machi 2018

Mokrane,

Amri yako imefika, haikuishia Ghardaïa. Nimeitii.

Siku ya kwanza alinivuta kwenda kwenye bomba nami nikasimama. Akavuta tena. Akaacha, akautazama mkono wangu, akaugeuza huku na huku kama mtu anayekagua tochi iliyokataa kuwaka. Akavuta kwa mikono miwili. Alilia mpaka akatapika, na Yemma akatoka akaenda kukaa ngazini amejiziba masikio na kilemba. Nilikuwa ukuta, kama nilivyoambiwa. Ukuta huo ulikuwa unatetemeka, lakini yeye hakujua.

Siku zikapita, akawa anavuta mara moja tu na kuniachia. Kisha akaacha kabisa. Sikumbuki ni siku gani. Nilikaa nikatambua kwamba ni muda sijashikwa vidole.

Upande wa pili, na hili nalisema kwa haki: anaketi. Mikono mezani, imetulia, haitikisiki. Wiki iliyopita alisema "nipe" akapewa biskuti. Bi Nassima alinikumbatia mbele ya mama wengine. Nililia, wakadhani nina furaha, na mimi mwenyewe kwa muda nilidhani hivyo. Alilisema neno lile kwa biskuti ya Bi Nassima, na kwa kengele ya Bi Nassima. Nyumbani hajalisema.

Kwenye simu unauliza kama anakula. Anakula, usijali. Usiniulize vipi.

Tumekuwa mama wanne tunaozungumza pale getini. Mmoja mwanawe amenufaika na njia hii, anaimba, anahesabu, na mama yake anaitaka iendelee. Hata yeye yuko nasi. Anasema, "Mwanangu imemfaa, wako imemnyamazisha, kwa nini wavishwe kiatu kimoja?" Tunataka kwenda Béjaïa, ofisi ya elimu ya mkoa, tuombe kila mzazi aachiwe achague na Bi Chafia aruhusiwe kuingia darasani. Mwalimu mkuu amesikia. Siku hizi akiniona anajifanya anatafuta funguo mfukoni.

Njoo Aprili umwone mwenyewe.

Dehbia


Kambini, 22 Aprili 2018

Dehbia,

Nimefika salama, mchanga umefika kabla yangu na umejaa kitandani.

Wiki zile mbili za likizo zilikuwa fupi. Bado namwona Tiziri ameketi mezani na sisi usiku ule wa wageni, mgongo umenyooka, mikono imetulia, hata shangazi alisema hajui watoto wa kwake walipotea njia wapi. Nilijivuna, sikufichi. Mwaka jana angekuwa chini ya meza.

Jambo moja limenisumbua, nikaona aibu kulisema uso kwa uso. Nilipoingia na mzigo wangu nilisimama mlangoni nikinyoosha vidole viwili, kama kawaida yetu. Alipita. Siku zote nilizokuwepo hakunivuta hata mara moja. Nikajiambia amekua, wasichana wakikua huwaacha baba zao, ndiyo dunia.

Na kwa nini unamlisha jikoni peke yake, mlango umefungwa, kabla sisi hatujala? Ulisema kelele za televisheni zinamchokoza. Sawa. Mwulize Bi Nassima kama hilo linafaa, usije ukabomoa wanachojenga.

Kuhusu Béjaïa nimeshasema. Nenda ukitaka, wewe ni mtu mzima, ila usitaje jina langu mbele ya wakubwa hao. Watamwondoa mtoto na sisi tutabaki tumeshika aproni.

Ramadhani sitakuja. Ndio mwezi ambao mpishi haruhusiwi kupumua.

Mokrane


Akbou, 23 Mei 2018

Mwanangu Mokrane,

Mkono unaoandika ni wa Katia, binti wa jirani wa juu. Maneno ni yangu mimi mama yako na nimemwonya asipunguze hata moja. Slimane anaondoka jioni hii na lazima aondoke na habari hii, nisije nikapasuka nayo.

Mwanao amefunga!

Sikiliza. Jana asubuhi mkeo alikwenda Béjaïa na wale wanawake wenzake. Alisema atarudi kabla ya futari. Ofisi ikawaambia mkubwa hayupo, njooni kesho, basi akalala kwa binamu yake, akapiga simu kuniambia nimwangalie mtoto. Mimi nimewalea saba, ananiambia nimwangalie mtoto!

Nikampikia chapati ya maji, nikatia asali na maziwa pembeni, maana mtoto wa hali yake hana lawama mbele ya Mungu. Akaketi. Akaweka mikono juu ya meza, yote miwili, imelala vizuri. Nikamwambia, "Kula, roho yangu." Akaitazama chapati, hakugusa. Nikadhani ameshiba. Mchana nikamwekea mkate na yai. Mikono mezani, kimya. Nikamwekea maji, na joto lile! Hakugusa. Nikamwuliza, "Tiziri, umefunga?" Hakukataa. Alinyamaza kwa adabu kabisa, na hapo nikaelewa. Mwili wangu wote ulisisimka, Mokrane.

Sikumlazimisha. Nani mimi nimfungulishe mtu aliyenuia? Nikakimbia kwa majirani. Adhana ilipokaribia tulimpandisha juu ya paa, kama ulivyopandishwa wewe siku ya saumu yako ya kwanza. Nikamkalisha kwenye mto mwekundu, nimemvika gauni la harusi ya shangazi yake, nikatia pete ya mama yangu katika kikombe cha maji ya sukari na maua ya mchungwa. Wanawake walipiga vigelegele mtaa mzima. Kikombe alikitazama sana. Nilimsogezea mdomoni mwenyewe, akanywa funda moja, pete ikagonga meno, akageuza uso. Katia anasema makelele yalimtisha. Mimi nasema aliona haya. Yai hakulitaka. Nikasema ndivyo walivyo wafungaji wa kweli, tumbo hujifunga.

Na leo tena, amefunga! Siku ya pili mfululizo! Nimewaambia wanawake, huyu mtoto tumemwita mgonjwa miaka yote, kumbe moyo wake unajua kuliko vichwa vyetu. Mjomba wako Akli angekuwa hai, ningemwomba msamaha leo, pengine naye alikuwa anajua mambo tusiyoyajua.

Sasa hivi amelala. Amechoka kama wafungaji wote, midomo imekauka. Simwamshi mpaka adhana.

Mama yako


Kambini, 26 Mei 2018

Yemma wangu, na wewe Dehbia,

Barua ya Yemma niliisoma jikoni kwa sauti. Wapishi wenzangu waliweka miiko chini. Mzee mmoja wa mitambo, asiye na maneno mengi, alinishika kichwa akanibusu. Jioni nilitengeneza keki ya semolina nikaandika TIZIRI juu yake kwa lozi, wanaume mia tatu wakaila kwa kumwombea. Hakuna aliyekosa kipande.

Dehbia, huku hatusemi sana mambo ya moyoni, lakini nitasema. Nilipokuwa nasoma kwamba alipandishwa juu ya paa nililia mbele ya watu na sikujificha. Juu ya paa, watu wote wakimtazama! Si chumba cha nyuma. Umeona sasa? Umeona kwamba kuketi kule kulikuwa na maana? Wewe ulikuwa Béjaïa unawalalamikia walimu, na siku ile ile kazi yao inazaa matunda nyumbani kwako. Samahani, nakutania, lakini kidogo tu. Mpelekee Bi Nassima salamu zangu na umwambie namwombea.

Kesho tunahamishwa kwenye kisima kipya cha mafuta, ndani zaidi jangwani, simu haishiki kabisa. Barua hii anaichukua dereva wa lori la mboga. Pete ya Yemma asirudishiwe mtu, awekewe Tiziri.

Mimi, baba wa mfungaji,
Mokrane


Hospitali ya Akbou, 5 Juni 2018

Mokrane,

Barua yako ilinikuta hapa. Niliisoma nimekaa kwenye kiti cha chuma karibu na kitanda chake, na nilipofika mahali pa keki ilinibidi nitoke.

Nilipiga simu kambini. Bosi wako akasema uko kisimani, akauliza ni dharura gani. Nikasema homa. Nilimwambia homa kwa sababu sikuwa na namna ya kumwambia mtu nisiyemjua jambo ambalo sasa nakwambia wewe.

Hakufunga.

Nilikudanganya tangu Machi. Shuleni alifunzwa asiguse chakula mpaka kengele igongwe, akafunzika kuliko walivyotaka. Nyumbani akawa hagusi kitu. Ataketi, mikono juu ya meza, atatazama mkate mpaka ukauke. Nikawa namlisha kwa mkono wangu mwenyewe, jikoni, tonge kwa tonge, na maji namshikia kikombe. Ndivyo alivyokuwa anakula. Nilimficha Bi Nassima asije akamtoa. Nilikuficha wewe usije ukasema nabomoa. Yemma nilimficha kwa kuwa neno likiingia kwake asubuhi, mchana liko sokoni. Siku ya Béjaïa nilimlisha kabla ya jua kutoka, nikijua jioni nitamlisha tena. Walipotuambia tulale, niliwaza kumpigia Yemma nimweleze. Nikasema usiku mmoja hautamdhuru, kesho nitakuwepo. Niliona haya, Mokrane. Nilimpigia nikasema tu, mwangalie mtoto.

Zamani angemvuta bibi yake hadi kwenye bomba. Hata bibi mwenyewe angefurahi kuvutwa. Lakini ule mkono tuliuua sisi, mimi kwa kusimama kama ukuta na wewe kwa kunituma.

Niliporudi Jumatano jioni nilikuta viatu vya wanawake vimejaa mlangoni. Wote wamekuja kumwona mfungaji. Nilimkuta kitandani, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Kwenye gari la jirani alipatwa na degedege. Hapa walimtia dripu, akakaa hajitambui, figo zikawa na shida. Daktari alisema mwili ulikauka na joto lilimalizia. Sasa amefungua macho. Wanamlisha kwa mpira wa puani.

Daktari alikuwa na hasira. Aliuliza mbele ya Yemma, "Nani alikuwa na mtoto huyu siku mbili?" Yemma akafungua mdomo. Nikasema, mimi. Akaniita majina ambayo sitayaandika. Yemma akamjia juu, akamwambia, "Punguza ukali, mwanangu, mtoto alikuwa amefunga, ni joto tu." Daktari akatutazama kama watu wa porini, akaondoka.

Yemma hajui. Anakaa mlangoni mwa wodi akiwasimulia wagonjwa habari za paa, na watu wanamletea Tiziri zawadi za saumu ya kwanza. Kuna saa natamani kumpigia kelele mpaka nyufa za ukuta zifunguke. Kisha namwona anamfuta midomo kwa pamba yenye maji, naacha. Nakuomba na wewe usimwambie. Ana miaka sabini na tisa.

Ukinichukia nitaelewa. Ila usinichukie kwa simu.

Dehbia


Kisimani, 11 Juni 2018

Dehbia,

Barua yako imechelewa kunifikia. Nimeisoma nyuma ya lori la maji, mahali pekee penye kivuli.

Kwa daktari umesema ni wewe, sawa, umemstahi mama yangu na nitakushukuru mpaka kufa. Kwangu mimi usiseme. Mimi ndiye niliyekalia viazi nikaandika, chote, shuleni na nyumbani. Nilipokuja Aprili mtoto alipita mbele ya vidole vyangu, nami nikajiambia amekua. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa, ningeweza kuusukuma.

Usiku wa keki ile watu mia tatu walikula kwa jina lake, na yeye alikuwa na mpira puani. Siwezi kulitoa hilo kichwani. Leo nimeunguza wali, mara ya kwanza tangu nianze kazi, na hakuna aliyelalamika. Nadhani Slimane amewaambia.

Mjomba Akli nilimwekea sahani chini nikakimbia. Lakini alikula, Dehbia. Kila siku sahani ilirudi tupu.

Nimeomba ruhusa. Naondoka Alhamisi na lori la mboga. Yemma sitamwambia. Nikifika, usinieleze chochote, nipeleke tu alipo.

Mokrane


Akbou, 16 Septemba 2018

Mokrane,

Umeondoka wiki mbili na nyumba bado inanuka kitunguu chako. Slimane anasubiri chini, anapiga honi kama mwenda harusini, lakini leo atangoja.

Shule imefunguliwa. Na nina habari ambayo mwaka huu wote nilikuwa naisubiri: ofisi ya Béjaïa imekubali. Kila mzazi wa darasa maalumu atachagua. Anayetaka meza na kengele, atabaki na Bi Nassima. Anayetaka njia ya Bi Chafia, mtaalamu huyo atakuwa anakuja darasani mara mbili kwa wiki, na shule haiwezi kumtoa mtoto kwa sababu hiyo. Wale wenzangu walipiga vigelegele pale getini. Yule ambaye mwanawe anaimba alinibeba juu, na unajua nilivyonenepa. Na mimi nilipiga vigelegele, Mokrane. Niliwapigia wao, kwa moyo wangu wote.

Bi Nassima alinijia baadaye peke yake. Alilia. Aliniambia, "Mama Tiziri, kwa nini hukuniambia hali nyumbani? Ningeacha siku ile ile." Naamini angeacha.

Mwalimu mkuu aliniita wa kwanza. Safari hii hakutafuta funguo. Akanisogezea kalamu, akasema, "Haya Mama, umeshinda, chagua." Nikachagua njia ya Bi Chafia. Ulijua nitaichagua.

Tumeanza. Na sasa nakwambia kwa nini naandika huku nalia, nisamehe wino ukisambaa.

Njia ya Bi Chafia inaanza na kile mtoto anachokitaka. Wengine wana kitu. Mmoja anataka mpira, mwingine anataka kuzima taa. Tiziri hataki kitu. Namwamsha, anaamka. Namlisha, anameza. Nikimkalisha dirishani wakati wa treni, anakaa, na ikipita hageuki. Bi Chafia akasema basi tuanze na maji. Tuweke kikombe anapokiona, halafu tungoje kidogo tu. Akigeuka kwangu, akitazama, hata akisogeza kidole, nimpe papo hapo. Si adhabu, hakuna kengele, ni kumwachia nafasi ya kutaka. Ni maneno ya busara, na Januari ndiyo niliyokuwa nikiyapigania.

Tukaweka kikombe. Akakitazama. Nikaona ulimi umepita kwenye midomo yake. Basi, Mokrane. Nilikinyakua nikamnywesha, nusu ikamwagika kifuani. Bi Chafia akanishika bega. "Mapema, Mama Tiziri. Alikuwa karibu." Tukajaribu tena siku nyingine, na nyingine. Kila mara mkono wangu unakwenda kabla yangu. Nyumbani ni vibaya zaidi, namnywesha kabla hajaamka vizuri, natembea na chupa mfukoni. Yemma anacheka, anasema mwakani atafunga mwezi mzima kwa maji yote haya. Mimi natoka nje.

Jana Bi Chafia aliniambia ukweli, kwa upole. "Ukimpa kila kitu kabla hajakitaka, hatakuwa na haja ya kuomba, na asipoomba sina pa kuanzia." Nikamwambia najua. Najua vizuri kabisa, ninaelewa kila neno. Lakini siwezi kukaa nikimtazama mwanangu akiwa na kiu, hata kwa muda wa kupumua. Niliwahi kusimama mara moja nikawa ukuta, na mwili wangu hautaki tena. Nimeipata njia niliyoitaka, na anayeizuia sasa ni mimi.

Tulitafuta nani mwingine. Yemma? Hapana, haiwezekani, na hawezi kuambiwa kwa nini. Bi Chafia anasema awe mtu wa nyumbani, anayempenda, na anayeweza kungoja.

Mimi nampenda tu. Acha sufuria za watu, Mokrane, uje ukae mbele ya kile kikombe. Na ukiketi, mimi nifungie nje.

Dehbia